Imesajiliwa kwa Jina Lake

Programu ilikataa kufunguka Jumatano asubuhi, wakati Mama Pacha ameshatandika gauni la kwanza la muuguzi kwenye fremu na kulibana likakaza kama ngozi ya ngoma.

Mwanzoni hakushtuka. Programu ile ya kuchorea nakshi ilikuwa na tabia zake. Kila siku kabla ya kufanya kazi ilitaka kwanza iulize huko makao makuu kama mwenyewe bado ndiye mwenyewe, na mtandao ukikohoa tu, inanuna. Basi akazima kompyuta, akawasha. Akachomoa waya wa mtandao, akaupuliza, akaurudisha. Maandishi yakabaki yaleyale, mekundu, katikati ya kioo: Leseni hii imesitishwa. Wasiliana na mtoa huduma.

"Imesitishwa na nani?" akakiuliza kioo. "Nimekukosea nini mimi?"

Ilimuuma kwa sababu programu ile aliinunua kwa jasho. Mwaka mzima hakujinunulia hata kandambili. Siku alipoilipia, mafundi wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Nani siku hizi ananunua programu? Si unaomba tu mtu akuwekee kwenye flashi? Mama Pacha akawajibu kwamba yeye usingizi wake anaupenda, na mali ya wizi haina usingizi. Wakamwacha na usingizi wake, wao wakaendelea na flashi zao.

Akapiga simu kwenye kampuni. Muziki ukapigwa, ukaisha, ukaanza upya. Alipokaribia kuujua kwa moyo, akapokea kijana mwenye sauti laini kama pamba.

"Nasikitika kwa usumbufu, mama."

"Usisikitike, baba. Fungua."

Kijana akabofyabofya. "Mfumo unaonyesha kuwa leseni yako inatumika kwenye kompyuta zaidi ya thelathini."

"Thelathini! Mimi nina kompyuta moja. Nina mashine moja. Nina kiti kimoja, na hicho kiti mguu wake mmoja ni wa kubandika."

"Kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali, kugawa leseni ni ukiukaji."

"Sijamgawia mtu."

"Mfumo hauwezi kujua nani amegawa, mama. Unajua tu kwamba imegawanywa."

"Kwa hiyo mwizi hajulikani alipo, mkaona mumkamate mwenye nyumba, maana yeye anapatikana kwa simu?"

"Nasikitika kwa usumbufu," kijana akasema tena, na safari hii ilisikika kama anasikitika kweli. Akamweleza njia zilikuwa mbili: ama kopi zote ziondolewe kwenye kompyuta hizo nyingine mpaka mfumo uone moja tu, ama anunue leseni nyingine.

Mama Pacha aliweka simu juu ya meza taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. Pembeni yake magauni ya wauguzi yalikuwa yamepangwa hadi kimo cha kiuno. Hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya Jumamosi, na matroni, mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana akicheka, alitaka kila gauni liwe na nembo kifuani: kiganja kilichobeba mwenge. "Ijumaa saa kumi," alisema. "Si saa kumi na dakika." Nembo yenyewe ilikuwa bado haijachorwa kwa lugha ya mashine, na bila programu mashine ile yenye sindano kumi na mbili ilikuwa ni chuma tu.

Mtaani kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine mwenye mashine ya aina ile. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye watu walimwita Rahisi kwa sababu ya kibao chake: DARIZI BEI RAHISI. Ni Mama Pacha mwenyewe aliyemfundisha kutunga uzi na kusikiliza sindano kabla haijavunjika. Mwaka uliopita akafungua duka lake hatua chache tu kutoka kwake, upande wa pili wa barabara, akaanza kutoza nusu ya bei ya mwalimu wake. Mama Pacha alipolalamika nyumbani, aliambiwa riziki ni mafungu saba. Akanyamaza, ingawa aliona mafungu yake yakivuka barabara moja baada ya jingine.

Siku hiyo na yeye akavuka.

"Karibu, shemeji!" Rahisi aliruka kutoka kwenye kiti, akakipangusa kwa kiganja. Huwezi kumchukia Rahisi ana kwa ana. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. "Umepotea sana. Kaa. Nini, mashine?"

"Programu. Wameifunga."

"Aa, hizo za kununua!" Akacheka. "Si nilikwambia? Unalipa ili usumbuliwe. Hii yangu imechezewa: mtandao ukiwepo inawasalimia makao makuu, lakini jibu lao haingoji. Uwe na mtandao, usiwe nao, inafanya kazi. Ngoja nikuwekee sasa hivi, halafu urudi kwenye kazi yako. Kwa shemeji yangu, bure."

Akawasha kompyuta. Programu ikafunguka upesi, wala haikusita kama ile ya Mama Pacha. Na ilipokuwa inafunguka, chini kabisa ya picha ya ufunguzi, kwa herufi ndogo ambazo mtu asiyejua pa kutazama hawezi kuziona, pakatokea maandishi: Imesajiliwa kwa: Pacha Darizi.

Mama Pacha akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hilo ni jina la duka langu."

"Eh?" Rahisi naye akainama. "Ah, hilo. Hilo ni jina tu, shemeji. Linakuja lenyewe."

"Linakuja lenyewe kutoka wapi?"

Rahisi akajikuna nyuma ya sikio.

"Na wale thelathini ni akina nani?"

"Wapi thelathini? Hawafiki… Ni mafundi tu. Watu wana shida, mtu anakuja na flashi yake, unamwekea, anakupa kitu kidogo cha chai."

"Umeuza leseni yangu."

"Sijauza leseni, nimeuza muda wangu wa kuweka!" Akavuta kiti kingine, akakaa mbele yake kama anayetaka kumweleza mtoto jambo gumu. "Tuongee vizuri. Mtu akiiba kuku wako, ukiamka kuku hayupo. Huo ni wizi, hata mimi ninaukataa. Lakini hapa mimi nimepata kuku, na wewe kuku wako bado yuko bandani anataga. Nimekuibia nini?"

"Kuku wangu leo amefungiwa banda na ufunguo hawanipi. Kwa sababu yako."

"Waliofunga ni wao. Kawagombeze wao. Mimi ningekuwa na kampuni, nisingemfungia mtu aliyenilipa."

Kwa hilo Rahisi alisema kweli, na hakuna kinachokera kama kweli inayotoka kwenye kinywa kisichostahili.

"Sawa, wao wana lao," Mama Pacha alisema. "Na wateja wangu waliohamia kwako? Bei yako ni nusu kwa sababu gharama nimeibeba mimi. Mimi nimelipa, wewe umekula, halafu unanitangaza mtaani kwamba mimi ni ghali."

"Hiyo ni biashara, shemeji."

"Mtu mzima kubebwa mgongoni si biashara. Shuka." Akainuka. "Nani alikupa namba yangu ya leseni?"

Rahisi alitazama barabarani, akatazama dari, akatazama mashine yake.

"Muulize mwenzio," alisema.

Mwenzio alikuwa Baba Pacha, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mchana alimkuta nyumbani anakula. Mama Pacha hakusubiri amalize.

"Ulimpa mdogo wako namba ya leseni yangu?"

Tonge likasimama njiani. Baba Pacha akalirudisha kwenye sahani.

"Siku ulipokwenda kuwaona watoto shuleni," alisema. "Alikuwa ameshanunua mashine kwa mkopo, halafu akakuta programu bei yake inamshinda. Alikaa hapa, pale ulipokaa wewe, akalia. Nikawasha kompyuta yako nikamsomea."

"Ukamsomea. Kama hadithi."

"Nilidhani ni kama kuazimana ngazi, mke wangu. Ngazi ikikaa bila kazi, jirani anapanda, anashuka, anairudisha."

"Ngazi hiyo wamepanda watu thelathini, baba, na mimi niko juu ya paa sina pa kushukia. Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ndiyo maana watu huuliza! Ili kama jibu ni hapana, liwe hapana!"

Baba Pacha hakujitetea tena, na hilo nalo lilimkera, kwa kuwa alikuwa amekuja na hasira ya kutosha ugomvi wa saa nzima. Kabla hajapata pa kuitua, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Rahisi tangu utotoni alikuwa hodari wa kufika kwanza.

"Mwanangu," mama mkwe alisema kwa upole, "hicho kitu hakiliki, hakivaliki, wala sijaambiwa kinafananaje. Kinawagombanisha nini? Ninyi ni damu moja. Si mgawane?"

"Mama," Mama Pacha akajibu, "tumeshagawana. Ndiyo shida yenyewe."

Alhamisi alifanya lile ambalo hakutaka kulifanya. Alikataa kata kata kuwekewa kopi kwenye kompyuta yake, lakini magauni hayakuwa na pa kwenda, na matroni alishapiga simu mara mbili kuuliza "maendeleo". Akabeba mfuko wa nyuzi, akavuka barabara, akakaa kwenye kiti cha Rahisi. Picha ya ufunguzi ikatokea na jina lake chini. Alijihisi kama mtu anayebisha hodi mlangoni kwake mwenyewe na kusubiri mgeni aliyemo ndani amfungulie. Akachora kiganja, akachora mwenge, akapunguza mishono kwenye vidole ili kitambaa kisikunjane, akajaribu kwenye kipande cha shuka kuukuu. Ilitoka safi. Kwa kweli ilitoka safi haraka kuliko ambavyo ingetoka kwake, maana mtandao ulikatika mara mbili siku ile na programu ya Rahisi haikujua hata kama umekatika.

"Sasa nikutoze ngapi, shemeji?" Rahisi alitania alipokuwa anamnakilia faili la nembo.

Mama Pacha alimtazama mpaka tabasamu likamfia mdomoni.

Mashine yake ilipopata faili lile ilishona usiku kucha, na magauni yalifika hospitali Ijumaa kabla ya saa kumi. Matroni akapitisha kidole juu ya nembo moja baada ya nyingine, akasema, "Zinafanana zote." Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Jumatatu Mama Pacha alifunga duka, akaenda kumsimamia Rahisi mlangoni.

"Vaa viatu. Utanipeleka kwa kila uliyemuuzia."

"Shemeji, watanila nyama!"

"Wakuanzie miguu, mimi nitatembea."

Baba Pacha alikuwa ameshamwambia mdogo wake maneno mawili matatu ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia, kwa hiyo Rahisi alikwenda. Wakaanza na wa karibu. Wengine waliona haya, wakaondoa kopi bila ubishi. Mmoja aliapa kwamba hajawahi kuwa na programu ile maishani mwake, na nyuma yake kompyuta ikaonyesha Pacha Darizi mchana kweupe. Lakini aliyemkalia Mama Pacha moyoni muda mrefu alikuwa fundi wa jezi, jamaa mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, ambaye alisikiliza maelezo yote akiwa amekunja mikono.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa nisikilize mimi. Huyu bwana alikuja hapa na flashi, nikamlipa. Hakuniambia ni ya mtu. Nimelipa hela yangu, nimefanya kazi yangu. Leo unaingia kwangu unataka kuniondolea kitu nilichonunua. Hapa nani anamwibia nani?"

"Alichokuuzia si chake."

"Hilo ni lenu, ni mambo ya ukoo. Mimi ni mnunuzi." Akamgeukia Rahisi. "Anataka programu yake, nami nataka hela yangu. Lete."

Rahisi akaanza kutokwa jasho. Akapekua mfuko mmoja, akapekua wa pili. Mama Pacha alisimama kati yao na kwa mara ya kwanza akaona kwamba alikuwa na mwenzake: mtu mwingine aliyelipa na anayeambiwa kwamba malipo yake si kitu. Alitaka kumwambia hivyo, lakini fundi wa jezi alikuwa ameshaanza kupiga kelele, na watu walikuwa wanasogea kutazama, na katika macho yao mwenye kosa alikuwa ni yeye, mwanamke aliyekuja kuwanyang'anya watu kazi.

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa ya mama mmoja aliyedarizi mashuka chumbani kwake, mashine imekaa kati ya kitanda na kabati hata mtu alilazimika kupita kiubavu. Huyo hakubisha. Alimpisha Mama Pacha kwenye kompyuta, akasema, "Ondoa, dada yangu. Ni haki yako." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nina oda ya nyumba ya wageni, nimeshakula nusu ya malipo yao. Sijui nitawaambia nini."

Kidole cha Mama Pacha kilikuwa juu ya kitufe. Alikitazama. Alijua fika lile ambalo lilipaswa kufanyika, na alijua pia kwamba mfumo wa kampuni haukuwa na pa kuandika mambo ya mashuka.

"Ukimaliza oda utaiondoa mwenyewe?"

"Nitaiondoa. Mungu shahidi."

Njiani Rahisi alisema, "Huyo haondoi," na Mama Pacha akamwambia afunge mdomo wake.

Hakuiondoa. Wiki mbili baadaye kijana mwenye sauti ya pamba akamwambia bado mfumo unaona kopi tatu. Ya fundi wa jezi ilikuwa mojawapo, bila shaka, na ya mama wa mashuka, ambaye simu yake sasa ilikuwa haipatikani, na ya tatu ya mtu asiyejulikana, labda flashi iliyozaa flashi nyingine. Mama Pacha alisihi, alifoka, akasihi tena. Akaomba kuongea na mkubwa wake. Akaongea na mkubwa wake. Mkubwa naye akasikitika kwa usumbufu. Mwisho wa yote wakamhurumia, ndivyo walivyosema wao wenyewe: wakamuuzia namba mpya kwa nusu ya bei. Yaani alilipia mara ya pili, kwa punguzo, kitu kilichokuwa chake tangu mwanzo. Baba Pacha ndiye aliyetoa. Alikuwa anaweka akiba ya mtungi mpya wa gesi wa kazi yake. Akaimimina yote mezani bila neno, akaenda kazini na mtungi wake wa zamani unaovuja. Mama Pacha hakumwambia asante. Lakini jioni alimpashia chakula, na alipomaliza akamwambia, "Siku nyingine niulize," naye akasema, "Nitakuuliza."

Namba mpya ilikuja na ulinzi mpya. Sasa programu iliuliza makao makuu si mara moja tu kwa siku bali kila baada ya saa chache, na mtandao ukiyumba katikati ya kazi, ilisimama na kungoja. Mara nyingi Mama Pacha alikaa mikono mapajani, uzi umening'inia kwenye sindano, mteja amesimama mlangoni anatazama saa, huku upande wa pili wa barabara mashine ya Rahisi ikinguruma bila kukatika.

Maana Rahisi hakukaa bure hata siku tano. Siku Mama Pacha alipokwenda kumrudishia mkasi aliouazima kwake, alimkuta kazini anapiga mluzi.

"Usiniangalie hivyo, shemeji," Rahisi aliwahi. "Ya kwako niliiondoa, umeona mwenyewe. Hii ni nyingine. Haina uhusiano wowote na familia."

Mama Pacha alizunguka meza. Akaizima programu mwenyewe, akaiwasha upya, akainama. Chini ya picha, kwa herufi ndogo zilezile: Imesajiliwa kwa: Karakana ya Bibi Vitambaa.

"Huyu ni nani?"

"Namjua? Mji mwingine huko. Sasa huyo hata hakujui, shemeji. Huyo anakuhusu nini?"

Hakumjibu. Alirudi dukani kwake, akatafuta jina lile kwenye simu, na halikumpa taabu: karakana ilikuwa na ukurasa wake, picha za vitambaa vya meza vilivyodariziwa maua kwa mkono wa mtu anayejua kazi, na namba ya simu chini. Akapiga.

"Karakana, karibu." Sauti ya mwanamke wa makamo, na nyuma yake mashine inanguruma.

"Shikamoo, mama. Hunijui. Mimi pia ni fundi darizi. Nakupigia kuhusu programu yako ya kuchorea. Leseni yako, namba yake imevuja. Iko huku kwetu, watu wanaitumia. Wapigie kampuni leo, kabla hawajakufungia."

Mashine ikazimwa. "Wewe umepata wapi namba yangu ya leseni?"

"Sina namba yako. Nimeona jina lako kwenye kompyuta ya shemeji yangu."

"Ahaa. Na sasa nitume hela wapi ili unisaidie?"

"Hapana, mama, sitaki hela…"

"Matapeli wakubwa ninyi! Mimi programu yangu ni halali. Nimelipa!"

"Najua umelipa," Mama Pacha alisema. "Ndiyo maana ninakupigia wewe."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Alikaa kidogo akikitazama kioo cha kompyuta, ambacho kilikuwa kimesimama tena kikingoja mtandao. Kisha akabonyeza namba ileile, akaweka simu sikioni, na ilipoacha kuita bila kupokewa akapiga tena.